Mwalimu wa Kemia Aliyegeuza Koili

Tusidanganyane, hosteli zetu zimejaa betri za kujiundia. Umeme ukikatika wiki ya mitihani, vyumba viwili vitatu kila ghorofa vinabaki na mwanga, na wenyewe hata hawashtuki. Wamenunua betri za laptop zilizochoka, wamezipasua, wametoa zile seli nene kama kidole gumba (milimita 18 kwa 65), wakapima zipi bado zinashika chaji, kisha wakaziunga kwa utepe wa nikeli. Bumu likichelewa, wengine wanawaundia wenzao kwa malipo.

Sasa ukitaka kumjua fundi na kumjua mbahatishaji, angalia pale utepe unapokutana na seli. Mbahatishaji analehemu kwa risasi: anakandamiza chuma cha moto juu ya seli kwa sekunde kadhaa mpaka risasi ishike. Ndani ya seli ya lithiamu, kinachotenganisha chanya na hasi ni karatasi nyembamba ya plastiki ambayo ikifika kwenye nyuzi joto 130 hivi inaanza kuyeyuka. Unaweza usione kitu siku hiyo. Fundi yeye anagusisha ncha mbili za shaba, unasikia "tak", na utepe umeshika. Ukiweka kidole sekunde ileile, seli bado ya baridi. Joto limetokea, limeyeyusha chuma na limepotea, yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Njia hiyo ya kuunga chuma kwa umeme ina mwenyewe. Anaitwa Elihu Thomson, na alipoiona kwa mara ya kwanza alikuwa mwalimu wa sekondari, umri kama wangu na wako. Nasoma ualimu wa fizikia na kemia, na kila nikirudi nyumbani kuna mjomba ananiuliza kama ndiyo nimeamua kuishia kwenye chaki. Kwa hiyo nakiri kwamba huyu bwana namwandika kwa upendeleo.

Alizaliwa Manchester, Uingereza, tarehe 29 Machi 1853. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo, na mwaka 1858 familia ilihamia Philadelphia, Marekani. Mtoto alikuwa mwepesi darasani kupita kiasi. Alipofika miaka 11 alikuwa amemaliza masomo ya ngazi yake, lakini shule ya juu haikupokea mtoto chini ya miaka 13. Wakubwa wakashauri akae mbali na vitabu hiyo miaka miwili, mwili upate kukua. Elihu aliwaambia wazazi wake kwamba bila vitabu ni bora afe. Mwishowe akapata kitabu cha mazingaombwe na majaribio ya nyumbani, na humo akakuta maelezo ya kutengeneza mashine ya kuzalisha umeme kwa msuguano wa chupa ya mvinyo. Akaitengeneza. Baba yake alipoicheka ile cheche kwamba ni ndogo mno, mtoto akaunda chupa za Leyden, yaani vyombo vya kioo vya kutunzia chaji, akaziunga kadhaa pamoja, akamwalika mzee ajaribu tena. Mzee alirushwa vizuri tu. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho Thomson alijiundia nyumbani kilikuwa, kwa namna fulani, betri.

Mwaka 1866 akaingia Central High School, shule ya serikali pale Philadelphia. Akahitimu 1870, na baada ya miezi michache kwenye maabara ya kupima madini akarudi shuleni palepale kama msaidizi wa idara ya kemia. Alikuwa na miaka 17. Mwaka 1876 alikuwa ameshapanda hadi kuwa profesa wa kemia na mekanika, cheo ambacho shule ile iliwapa walimu wake, akiwa na miaka 23. Rafiki yake mkubwa alikuwa mwalimu mwenzake, Edwin Houston, aliyewahi kumfundisha. Jioni, wanafunzi wakishaondoka, wawili hawa walibaki na vifaa vya shule wakijaribu hiki na kile.

Hapo ndipo panaponigusa zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1877 Thomson alipewa nafasi ya kutoa mfululizo wa mihadhara ya umeme katika Franklin Institute, taasisi ya sayansi ya mji ule. Ilikuwa mihadhara ya watu wote, si ya wataalamu, na mwalimu kijana alitaka watu waone kwa macho. Kifaa maarufu cha wakati huo kilikuwa koili ya Ruhmkorff. Ina nyaya mbili zilizosokotwa juu ya kiini kimoja: mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba kama uzi wenye mizunguko maelfu. Kila aliyekuwa na koili ile aliitumia upande mmoja: unaingiza umeme wa betri kwenye waya mnene, unatoka kwenye mwembamba ukiwa na volti nyingi mno, cheche ndefu, watu wanapiga makofi.

Thomson akataka kuwaonyesha kwamba njia ile ina kwenda na kurudi. Akageuza. Akachukua chupa za Leyden zilizojaa chaji akazimwaga kwenye waya mwembamba, huku ncha mbili za waya mnene zikiwa zimegusana kidogo tu. Pale zilipogusana ukatoka mmweko mkali. Baadaye alipotaka kuzitenganisha zile ncha, hazikutengana. Zilikuwa zimeungana kuwa chuma kimoja.

Wengi tungezivuta kwa koleo tukaendelea na mhadhara. Yeye alielewa alichokiona. Koili ilipogeuzwa, volti nyingi zenye mkondo mdogo ziligeuka kuwa volti chache zenye mkondo mkubwa ajabu. Na mkondo mkubwa ndio unaotengeneza joto: sheria ya Joule tuliyoikariri kidato cha tatu inasema joto linafuata mraba wa mkondo, mara ukinzani, mara muda. Ongeza mkondo mara mbili, joto linapanda mara nne. Ongeza mara kumi, linapanda mara mia. Na joto hilo halisambai sawasawa njiani. Linajaa pale penye ukinzani mkubwa, na kwenye vyuma viwili vinavyogusana hapo ni palepale mguso ulipo. Yaani umeme wenyewe unachagua mahali pa kuchomelea.

Ukiwahi kuona mashine ya kuchomelea betri ya kujiundia, umeiona koili ya Thomson. Watu wanachukua transfoma ya maikrowevu iliyokufa, wanakata waya mwembamba wenye mizunguko mingi wa upande wa kutokea, na mahali pake wanapitisha kebo nene mizunguko miwili. Umeme wa ukutani unaingia, zinatoka volti mbili au tatu tu, lakini ampea mamia. Hapa niseme jambo ambalo wauzaji wa ujuzi huu hawalisemi kwa sauti: ndani ya maikrowevu kuna kapasita inayofanya kazi kwenye volti 2,000 hivi na inaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa nje. Hiyo haikurushi kama chupa ya Leyden ilivyomrusha mzee Thomson. Hiyo inaua.

Na kwa nini nikeli, si shaba? Shaba inapitisha umeme vizuri mno, ukinzani wake ni kama robo ya ule wa nikeli, kwa hiyo mkondo unapita bila kuacha joto la kutosha na hata lile dogo linakimbia pembeni. Nikeli inapitisha vizuri kiasi cha kufaa kwenye betri na inakinza kiasi cha kuyeyuka kwenye nukta. Utepe wenyewe huwa na unene wa milimita 0.1 hadi 0.2. Mafundi wazuri huuchana ufa mdogo katikati ya ncha mbili, ili mkondo usikate kona kupitia juu ya utepe bali ulazimike kushuka kwenye seli na kupanda upande wa pili. Halafu kuna utepe wa chuma cha pua uliopakwa nikeli juu juu tu, unauzwa kwa jina hilohilo. Ukinzani wake ni mkubwa zaidi, na betri ikifanya kazi nzito utepe wenyewe unapata moto. Na msisahau kile kikaratasi cha duara upande wa chanya. Mwili wote wa seli ni hasi, hadi kwenye ukingo wa juu, milimita chache kutoka chanya. Utepe ukiikwaruza plastiki pale, umeshaunga chanya na hasi kwa mkono wako.

Turudi Philadelphia. Cha ajabu ni kwamba Thomson hakukimbilia kulisajili wazo lake. Lilikaa kichwani karibu miaka minane. Katikati hapo yeye na Houston walipima dainamo mbalimbali kwa ajili ya Franklin Institute, wakagundua wanaweza kuunda iliyo bora, na wakaiunda. Moja ya mashine zao za mwanzo iliwasha taa kwenye kiwanda cha mikate mjini humo, na mpaka leo wanahistoria wanaiita kwa jina la mikate. Wenye fedha wakaanza kuja.

Mwaka 1880 Thomson akaacha kazi ya ualimu. Nimejaribu kulisoma tukio hili kwa jicho la mjomba wangu, kwamba hatimaye kijana aliona mwanga akatoka kwenye chaki. Siamini hivyo. Miaka kumi ya kuandaa majaribio kwa ajili ya watoto wa watu ndiyo iliyompa kila kitu alichobeba kwenda kiwandani, pamoja na koili iliyogeuzwa. Lakini pia siwezi kudanganya kwamba mshahara wa mwalimu haukuwa sehemu ya hesabu.

Alikwenda New Britain, Connecticut, ambako mambo ya kampuni hayakwenda vizuri, na mwaka 1883 kazi ikahamia Lynn, Massachusetts, kwa jina la Thomson-Houston. Biashara aliachiwa Charles Coffin, mtu aliyetokea kwenye viatu, naye Thomson akabaki kwenye karakana. Hapo ndipo alipolifufua wazo la 1877. Akatengeneza transfoma yenye mizunguko mingi upande wa kuingilia na mzunguko mmoja mnene wa shaba upande wa kutokea, akaweka vibanio vya kushika vyuma viwili na kuvisukuma kimoja kwa kingine. Hati miliki zilitoka tarehe 10 Agosti 1886, na mwaka 1888 ikaanzishwa kampuni ya uchomeleaji peke yake. Mpaka hapo chuma kiliungwa na mhunzi kwa moto na nyundo, na shaba au shaba nyeupe zilimsumbua sana. Mashine ya Thomson iliunga vyote, hata metali mbili tofauti. Kwanza ilikuwa ncha kwa ncha. Kuchomelea kwa nukta, kama kwenye miili ya magari na kwenye betri zetu, kulikuja kukua baadaye kutoka kanuni ileile.

Mwaka 1892 kampuni yake iliunganishwa na ile ya Edison ikazaliwa General Electric. Jina la Edison kila mtu analijua. La Thomson hata sisi wa fizikia tunaulizana kama ni yule wa elektroni. Siyo yule. Huyu aliacha takriban hati miliki 700 na mwaka 1909 alikuwa wa kwanza kupewa nishani ya Edison.

Tabia ya mwalimu haikumtoka. Mwaka 1896, eksirei zikiwa mpya na madaktari wakibishana kama zinaunguza ngozi au la, aliamua kutumia mwili wake. Alichagua kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kwa hesabu kwamba hicho akikipoteza hatapungukiwa sana, akakiweka karibu na bomba la eksirei kwa nusu saa hivi. Siku kadhaa hakuona kitu. Kisha kidole kikawa chekundu, kikavimba, kikatoa malengelenge na kuuma kwa majuma. Akaandika yote, akaonya wenzake.

Mwaka 1920 rais wa chuo cha MIT alifariki, na Thomson akaombwa kukaimu; kwa vipindi viwili alishikilia nafasi hiyo hadi 1923, bila kuitaka iwe yake. Si kila kitu kilimwendea sawa uzeeni. Alitumia miaka na fedha nyingi za General Electric akijaribu kutengeneza kioo kikubwa cha darubini ya Palomar kwa kuyeyusha kwazi, na kazi hiyo ilishindikana, ikapewa wengine waliotumia kioo cha aina nyingine.

Darubini za kwake mwenyewe alizitengeneza kwa mikono, na moja aliiweka kwenye nyumba yake ya Swampscott, pwani ya Massachusetts. Alifia humo tarehe 13 Machi 1937, siku 16 kabla ya kutimiza miaka 84. Nyumba bado ipo. Ndiyo ofisi za halmashauri ya mji, watu wanaingia kulipa kodi zao.