Dakta Krapf, Baba Aliyezika Watoto Wawili

Katika ukurasa huu tumezoea kusimulia habari za watu waliotutangulia, ili tujifunze kwao. Mara hii tumemchagua Dakta Johann Ludwig Krapf. Sisi tuliofundisha shuleni kwa miaka mingi tumewakaririsha watoto jina lake pamoja na Mlima Kenya, ambao aliuona kwa mbali tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Mzungu wa kwanza kuandika habari zake. Lakini katika maisha yake liko jambo ambalo vitabu vya shule hulipita upesi. Tunalisimulia sasa kwa kuwa mtaa wetu unafikiri kuanzisha mfuko wa kuwasaidia jamaa walioharibikiwa na mimba, au waliozaa mtoto asiye hai, au waliofiwa na mtoto mchanga.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alisoma katika chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, na baadaye akaingia katika Chama cha CMS cha Kanisa la Uingereza. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia, akafanya kazi huko katika nchi ya Shoa. Mwaka 1842 alishuka Misri, akamwoa Rosine Dietrich. Walikusudia kurudi Ethiopia wafanye kazi pamoja.

Mwaka 1843 walifika pwani ya Bahari ya Shamu, wakaanza safari ya kupanda bara. Rosine alikuwa mjamzito. Wakiwa njiani nyikani, mbali na kijiji chochote, uchungu ulimshika kabla ya wakati wake, akajifungua mtoto wa kike. Mtoto hakuishi ila kitambo kidogo. Baba yake alimbatiza, akamwita Eneba, neno la Kiamhari ambalo maana yake ni chozi. Wakamzika chini ya mti kando ya njia. Wachukuzi hawakukubali kungoja, hata ikambidi mama yule kuendelea na safari siku ya tatu tu baada ya kujifungua. Na baada ya taabu yote hiyo, njia ya Ethiopia ilifungwa, wakarudi pwani.

Ndipo Krapf akageuza uso kuelekea kusini. Mwezi wa Januari 1844 alifika Unguja, na Sultani Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei yeye na mkewe walikwenda kukaa Mombasa. Hapo alianza kujifunza Kiswahili kwa bidii kubwa, na mwezi wa Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Tuliangalie jambo hili sisi tunaokaa Rufiji, ambako jirani zetu wengi ni Waislamu. Kazi ya kwanza ya kutia Biblia katika lugha yetu ilifanywa na Mkristo na Mwislamu, wameketi pamoja.

Rosine alikuwa mjamzito tena. Mwanzoni mwa Julai homa kali iliingia nyumbani mwao, ikamshika mume kwanza, kisha mke. Katika siku hizo hizo Rosine akajifungua mtoto wa kike, naye alizaliwa mzima. Lakini homa ya mama ilizidi. Alipoona kwamba mwisho wake umekaribia, aliomba azikwe upande wa bara, mahali wapitapo watu, ili kaburi lake liwakumbushe kazi iliyowaleta. Alifariki tarehe 13 Julai 1844. Mumewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo, akiweza kwa shida tu kuinuka kitandani ili kuhakikisha kwamba mkewe amekufa kweli. Siku mbili baadaye mtoto naye akafa, akalazwa kando ya mama yake. Kaburi hilo lipo hata leo upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Basi Krapf alizika watoto wawili na mke. Aliwaandikia wakuu wa chama chake Uingereza kuwaarifu kwamba sasa wana kaburi katika pwani hii, akaliona kaburi hilo kuwa alama kwamba kazi imeanza, wala haifai kuiacha.

Alibaki peke yake hata Juni 1846, alipowasili Johannes Rebmann. Mwezi wa Agosti mwaka huo wakafungua kituo cha misioni huko Rabai. Mapema mwaka 1850 Krapf alisafiri kwa chombo pamoja na mwenzake Erhardt, wakafuata mwambao huu wetu, wakapita Kilwa hadi Rasi ya Delgado. Mwaka huo huo kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilipigwa chapa. Mwaka 1853 afya ilimlazimu kurudi Ulaya. Alikaa Korntal, akaoa tena, akaendelea na kazi ya lugha hata uzeeni. Mwaka 1862 alirudi pwani kwa muda, kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitolewa London mwaka uliofuata.

Tunajifunza nini? Kwanza, mtoto aliyeishi kitambo tu alipewa jina na kaburi. Kwetu mara nyingi mtoto wa namna hiyo huzikwa kimyakimya, na mama huambiwa asilie sana, atazaa mwingine. Matanga hayawekwi, jina halitajwi, wala mtu hamwulizi baba hali yake. Lakini Krapf aliita msiba wake chozi, akauandika, nasi tunausoma leo. Na msiba huu haukuwa wa zamani tu, kwani hata katika miaka hii watoto wanaokaribia milioni 2 huzaliwa wafu duniani kila mwaka.

Pili, tumfikirie Rosine akiondoka siku ya tatu kwa kuwa wachukuzi hawakungoja. Hapa Mbwera wako akina mama wanaorudi kulima mpunga au kutafuta kamba kabla mwili haujapona, kwa kuwa njaa nayo haingoji. Ziko nauli za chombo kutoka hospitali, iko sanda, iko dawa, na deni la dukani. Fedha haiwezi kumrudisha mtoto. Lakini inaweza kumpa mama majuma machache ya kupumzika, na kumwezesha baba kukaa naye nyumbani badala ya kwenda kukata boriti mikokoni.

Tatu, Krapf hakuweza kuendelea kwa nguvu zake peke yake. Chama kilichomtuma kiliishi kwa michango ya Wakristo wa mitaa ya Uingereza, na wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliotoa peni moja kwa juma. Hawakupata kumwona Rosine, wala hawakuijua Mombasa. Senti zao ndogo ndizo zilizomtunza mjane yule wa kiume na kumletea mwenzake.

Kwa hiyo tunatoa shauri. Kila nyumba itenge kidogo kwa mwezi, asiye na fedha alete kibaba cha mchele, mkungu wa ndizi au samaki wakavu, vinadiwe baada ya Ibada. Watu wawili waaminifu washike daftari, na hesabu isomwe mbele ya wote kila miezi mitatu, lakini majina ya waliosaidiwa yasisomwe. Msaada uende kwa kila jirani aliyefiwa, wa kanisa letu au wa msikitini, bila kuulizwa, kama vile kadhi wa Mombasa alivyomsaidia mgeni asiye wa dini yake. Na wanaopeleka msaada wasiutupe mlangoni na kuondoka. Waketi, waulize jina la mtoto, wasikilize.

Mungu awafariji wote walio na kaburi dogo ambalo hawajapata kumtajia mtu.