Daktari Livingstone na Meno Yake

Mto Lualaba tunaujua sote. Unaanza katika nchi ya juu ya Katanga, unapita karibu na Kolwezi, kisha unashuka upande wa kaskazini mpaka nchi ya Maniema. Zamani alikuwako mtu mmoja aliyetamani sana kujua maji hayo yanakwenda wapi. Jina lake David Livingstone.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na miaka 10 alitiwa kazini katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Alifanya kazi mchana kutwa, na usiku akaenda shule. Alipokua akajifunza udaktari mjini Glasgow, akapata cheti chake mwaka wa 1840. Mwaka uliofuata akafika Afrika ya Kusini. Basi, tangu hapo miaka yake mingi aliimaliza katika bara letu, akihubiri, akitibu wagonjwa, na kuandika habari za mito na maziwa.

Mwaka wa 1866 alianza safari yake ya mwisho. Januari 1867 baadhi ya wapagazi wakatoroka na sanduku lake la dawa. Livingstone aliona kama amekwisha kuhukumiwa kufa, maana daktari asiye na dawa katika pori ni sawa na askari asiye na silaha. Hata hivyo hakurudi nyuma. Novemba mwaka ule ule akafika ziwa Mweru, na mwaka wa 1869 akavuka ziwa Tanganyika, akaingia nchi ya Wamanyema. Huko, katika kijiji cha Bambarre, ambacho leo ni Kabambare, alishikwa na vidonda vya miguu. Akakaa ndani muda mrefu, hawezi kutembea.

Chakula kilikuwa kigumu. Hakupata kila siku bukari laini na mboga kama tulavyo sisi. Mara nyingi alikula mahindi makavu na nyama ya tembo isiyotafunika. Naye alikuwa amekwisha kupita miaka 55. Meno yake yakaanza kuvunjika na kulegea, moja baada ya jingine, hata jino la mbele likatoka. Yeye alikuwa daktari, lakini nani angemtibu? Wazee husema kwamba mganga hajigangi. Ikambidi kufunga uzi imara kwenye jino bovu na kulivuta mwenyewe, bila dawa ya kutuliza maumivu. Aliandika habari hiyo kwa mzaha, akifananisha tabasamu lake na la kiboko. Lakini jambo lenyewe halikuwa mzaha. Asiye na meno hatafuni vizuri, na chakula kisichotafunwa hulitaabisha tumbo. Tumbo la Livingstone lilikuwa limekwisha kudhoofika kwa kuhara damu.

Machi 1871 akafika Nyangwe, kando ya Lualaba. Alidhani mto huo ni mwanzo wa Nile. Kumbe ni Kongo. Tarehe 15 Julai aliona wafanyabiashara wa watumwa wakiwapiga watu risasi sokoni, akaandika habari hizo zikasomwa Ulaya. Akarudi Ujiji amechoka kabisa. Huko Stanley alimkuta na kumpa chakula na dawa, naye akapata nguvu tena. Alitaka kufika Katanga aone machimbo ya shaba. Hakufika. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Rafiki zake Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliuchukua mwili wake mpaka pwani.

Hatusemi kwamba meno ndiyo yaliyomwua. Lakini watoto, tazameni: mtu aliyevuka mito na mabwawa alitaabishwa na kitu kidogo kama jino. Yeye hakuwa na wa kumsaidia. Sisi tunaweza kujilinda.

Makombo ya chakula yakibaki kinywani, vijidudu hula sukari iliyomo na kutoa ukali kama wa siki. Ukali huo hutoboa jino polepole. Uchafu ukikaa kwenye ufizi, ufizi huvimba na kutoa damu, na baadaye jino hulegea. Kwa hiyo piga mswaki asubuhi, na usiku kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Usile vitu vitamu mara kwa mara. Usifungue chupa kwa meno. Jino likikuuma, mwambie mama au baba upesi, uende kwa munganga. Usingoje shavu livimbe, wala usitie kitu cha moto au dawa ya betri kwenye tundu. Jino la mtu mzima likitoka halioti tena.

Maswali

1. Kwa nini Livingstone alihuzunika sana Januari 1867?
2. Ni chakula gani kilichovunja meno yake?
3. Eleza jinsi sukari inavyoharibu jino.
4. Utafanya nini jino likikuuma usiku wa leo?