KUMBUKUMBU: Gary Kildall, msomi aliyehesabu kila mpigo wa tarakilishi

MFANYAKAZI wa ofisi yoyote mtaani Westlands au Kilimani afunguapo tarakilishi yake asubuhi, aghalabu hukuta faili zake zimehifadhiwa chini ya herufi C inayofuatwa na nukta pacha. Ni wachache wanaojiuliza A na B zilikwenda wapi. Herufi hizo mbili zilikuwa za disketi, na mtu aliyeueneza utaratibu huo katika tarakilishi ndogo ni Gary Kildall, Mmarekani aliyeaga dunia mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka 52.

Wasomaji wa rika langu wana sababu nyingine ya kumjua. Miaka ya mwanzo ya tisini, katikati ya jiji la Nairobi, hapakukosa jengo kwenye barabara za Moi Avenue na Tom Mboya ambalo orofa yake moja haikuwa na chuo cha tarakilishi. Tulilipa karo, tukakariri WordStar, Lotus na dBase, kisha tukapewa cheti. WordStar, iliyoanza kuuzwa mwaka 1978, ilizaliwa juu ya mfumo wa Kildall uitwao CP/M, na dBase vilevile. Vyeti tulivipata, jina la Kildall hatukulisikia hata siku moja.

Alizaliwa Mei 19, 1942 mjini Seattle, kaskazini magharibi mwa Marekani. Ukoo wake ulikuwa na shule ya mabaharia iliyoasisiwa na babu yake, ambako wanafunzi walifundishwa kukokotoa mahali chombo kilipo baharini kwa kutazama nyota. Babake alifundisha hapo, na Gary mwenyewe akashika chaki kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Washington. Nia yake ilikuwa awe mwalimu wa hesabu. Mwaka 1963 alimwoa Dorothy McEwen, mpenzi wake tangu shule ya upili, mwanamke ambaye baadaye angekuwa nguzo ya biashara yao.

Chuoni alikutana na tarakilishi, na ualimu wa hesabu ukawekwa kando. Kwa kuwa vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, alitimiza wajibu wake wa kijeshi kwa kufundisha katika chuo cha uzamili cha jeshi la wanamaji mjini Monterey, California. Shahada yake ya uzamifu aliipata mwaka 1972. Utafiti wake, aliouchapisha mwaka uliofuata, ulieleza namna programu ya kutafsiri inavyoweza kuizungukia programu nyingine tena na tena, ikikusanya inachojua kuhusu kila hatua hadi pasiwe na jipya la kuongeza, kisha iondoe kazi isiyo na faida. Mbinu hiyo hufunzwa hadi leo. Nina hakika kwamba hata asingeunda CP/M, wasomi wangelitaja jina lake.

Wakati huo huo kampuni ya Intel ilikuwa imetoa prosesa ya kwanza iliyouzwa ikiwa kipande kimoja, 4004 ya mwaka 1971. Wengi waliichukulia kama kifaa cha kuendeshea kikokotoo. Kildall aliona tarakilishi kamili. Alijipatia yake, akawa mshauri wa Intel, akawaundia lugha ya programu iitwayo PL/M. Mwaka 1974 ilipokuja 8080, prosesa iliyoshughulikia biti nane kwa wakati mmoja, alikuwa tayari ana disketi, ila hakuwa na njia ya kuiunganisha. Rafiki yake John Torode akaunda saketi, naye akaandika programu ya kuidhibiti disketi hiyo. Huo ndio mwanzo wa CP/M.

Hapa yafaa tutue, maana ndipo palipo utamu wa kazi yenyewe.

8080 ya kawaida ilikuwa na saa iliyopiga mara milioni mbili kwa sekunde. Ni nyingi kwa sikio la leo pia, mpaka mtu aone zinavyotumika. Disketi ya inchi nane ilizunguka mara sita kwa sekunde na kutema baiti moja kila baada ya sehemu 32 za milioni za sekunde. Hayo ni mapigo 64 tu. Ndani ya mapigo hayo, prosesa iliyojisomea disketi pasipo msaada ilipaswa iulize kama baiti imewasili, iichukue, iiweke katika kumbukumbu, isogeze anwani mbele, ihesabu, kisha irudi mwanzo wa kitanzi. Baiti ikifika kabla ya ile iliyotangulia kuchukuliwa, moja hupotea.

Sasa, kuhesabu kwenyewe kuna njia mbili. Mwanafunzi huanza na sifuri, akapanda moja baada ya nyingine, na kila mara akalinganisha na 128, idadi ya baiti katika sekta moja ya CP/M. Fundi huanza na 128 na kuteremka. Yeyote aliyewahi kupanda matatu ya kwenda Kangemi au Kawangware anaielewa tofauti hiyo. Utingo wa gari la abiria 14 hawahesabu waliokwisha kuketi na kulinganisha na idadi ya viti. Yeye hutangaza viti vilivyobaki, viwili, kimoja, na kisipobaki kitu hugonga bodi na gari likaondoka. Sifuri yenyewe ndiyo ishara. Katika 8080, agizo la kupunguza moja kwenye rejista huacha alama iwapo jibu ni sifuri, na agizo la kuruka huitazama alama hiyo moja kwa moja. Kulinganisha hakuna tena.

Tuzipige hesabu. Kupunguza ni mapigo 5 na kuruka ni 10, jumla 15. Kwa kupanda, kuongeza ni 5, kuihamisha nambari hadi rejista kuu 5, kuilinganisha 7, kuruka 10, jumla 27. Kitanzi kizima cha kusoma baiti, kikiandikwa kwa kuteremka, hutimia mapigo 64 kamili. Kwa kupanda hufika 76, na disketi haingoji. Hata hayo 64 hayakuacha nafasi ya kupumua, ndiyo maana mafundi wengine waliunda saketi za kuisimamisha prosesa hadi baiti iwadie. (Sisi wahariri wa magazeti tunaokata neno moja ili kichwa kienee kwenye safu tunaujua ugonjwa huo.)

Palikuwa na mitego pia. Rejista moja ya biti nane haihesabu zaidi ya mizunguko 256. Anayetaka zaidi huunganisha mbili, lakini agizo la kupunguza jozi halikuacha alama yoyote. Asiyelijua hilo aliandika kitanzi kisichokoma, au kilichokoma wakati usiofaa.

Mtu akiikosa sekta, ilimbidi asubiri disketi izunguke tena, sehemu moja ya sita ya sekunde, ambayo ni zaidi ya mapigo 330,000. Suluhisho la CP/M lilikuwa la kiungwana. Kati ya sekta 26 za kila duara, haikuzisoma kwa mfuatano. Ilisoma ya kwanza, ikaruka hadi ya saba, kisha ya 13, ya 19, ya 25, ya 5 na kuendelea. Programu ilipata muda wa kumaliza kazi ya sekta moja kabla ya nyingine kupita chini ya kichwa cha kusomea.

Intel haikuona haja ya kuuza mfumo huo. Kildall na Dorothy wakaanzisha kampuni yao, Digital Research, katika mji mdogo wa Pacific Grove. Uamuzi uliowatajirisha ulikuwa wa kutenga sehemu ndogo inayojua vifaa vya mashine fulani, aliyoiita BIOS, na kuiacha sehemu iliyobaki bila kubadilika. Kila mtengenezaji wa tarakilishi aliandika kipande chake kifupi, akapata CP/M. Na kwa kuwa iliandikiwa 8080, ilikwenda vilevile katika Z80 ya mwaka 1976, prosesa iliyoyaelewa maagizo ya 8080 na kuongeza yake, likiwemo la kupunguza na kuruka kwa pamoja kwa baiti mbili badala ya nne.

Kisha likaja jambo ambalo watu hulikumbuka vibaya. Mwaka 1980, IBM ilitaka mfumo wa tarakilishi yake mpya, na wajumbe wake wakafika Pacific Grove. Porojo iliyoenea ni kwamba Kildall aliwapuuza akaenda kujiburudisha kwa ndege yake. Kusema hivyo ni kumdhulumu. Alikuwa amesafiri kwa shughuli za biashara, na mikataba ya aina hiyo kwa kawaida ilishughulikiwa na Dorothy. Kilichokwamisha mazungumzo ni hati ya kutunza siri ambayo IBM iliwataka waitie saini. Masimulizi yanatofautiana kuhusu yaliyojiri Kildall aliporejea alasiri. Lisilo na shaka ni kwamba Microsoft ilijipatia mfumo ulioandikwa na Tim Paterson wa Seattle, uliofuata kwa karibu mpangilio wa CP/M, na kuupeleka kwa IBM.

Kildall alilalamika. IBM ikakubali kuuza mifumo yote miwili, lakini wa Microsoft kwa dola 40 na wake kwa dola 240. Mnunuzi hakuhitaji kushauriwa.

Hakukaa kimya baadaye. Kati ya mwaka 1983 na 1990 alishirikiana kuendesha kipindi cha televisheni kuhusu tarakilishi, na mwaka 1985 kampuni yake nyingine ilisaidia kuiweka ensaiklopidia nzima kwenye diski ya CD. Digital Research iliuzwa kwa Novell mwaka 1991. Alifariki Julai 11, 1994, siku chache baada ya kuumia kichwa katika baa moja mjini Monterey.

Mwaka 2014, taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki, IEEE, iliweka bamba la kumbukumbu katika jengo la Lighthouse Avenue lililokuwa makao ya kampuni hiyo. Mwaka huo huo, Jumba la Makumbusho ya Historia ya Tarakilishi huko California lilitoa msimbo asilia wa matoleo ya mwanzo ya CP/M, na mwanafunzi yeyote wa Chiromo mwenye intaneti anaweza kuusoma.