Hodi Katika Nyumba za Watu: Maisha ya William Fagal

Soma: Matendo 17:16–34, Wakolosai 4:5, 6, Ufunuo 3:20.

Mwaka 1950 televisheni ilikuwa bado kitu kipya nchini Marekani. Makampuni ya utangazaji yalitoa muda wa bure kwa ajili ya dini, na sehemu kubwa ya muda huo iligawiwa Waprotestanti wa mabaraza ya makanisa, Wakatoliki na Wayahudi. Katika kituo cha CBS, kipindi cha Lamp Unto My Feet kilikuwa kikihudumia imani hizo tangu mwaka 1948. Makanisa madogo yaliyokuwa nje ya mabaraza yalipaswa kujitafutia njia.

Miongoni mwao walikuwa Waadventista Wasabato. Mchungaji William Fagal, aliyekuwa akihudumu New York, aliitwa kuanzisha kipindi. Tarehe 21 Mei 1950 kipindi cha Faith for Today, yaani Imani kwa Siku ya Leo, kilirushwa moja kwa moja kupitia ABC. Mkewe, Virginia, alishiriki naye katika kazi hiyo. Baadaye kilionekana sehemu nyingi za nchi, na Fagal alikiongoza kwa takriban miaka 30.

Fagal alitambua kwamba kanisani mhubiri huzungumza na watu waliomfuata, lakini kwa televisheni yeye ndiye anayewafuata nyumbani kwao. Sebuleni huweza kuketi Mkatoliki, Myahudi na asiyeamini, na yeyote kati yao aweza kuizima. Kwa hiyo alianza na mizigo ya kila nyumba: ugomvi wa mume na mke, mtoto aliyepotoka, msiba. Mambo hayo yaliigizwa kwa mchezo mfupi. Zikafuata nyimbo na neno fupi la Biblia, kisha mwaliko wa kujifunza kwa njia ya posta. Hakuficha imani yake. Aliyetaka kujua zaidi aliandika barua mwenyewe.

Washiriki wa Pemba wanaielewa hali hii, maana karibu majirani zao wote ni Waislamu. Huko hakuna aingiaye nyumba ya mtu bila kubisha hodi, na hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni hurudi kwa amani. Wengine huona kwamba ujirani mwema hudai tunyamaze kuhusu imani yetu. Wengine hudhani kwamba uaminifu hudai tuseme hata kama mlango umefungwa. Maisha ya Fagal yanatuonyesha njia nyingine: bisha hodi, subiri, na ukikaribishwa sema kweli kwa upole. Paulo kule Athene alianzia kwenye jambo walilolijua wenyeji, lakini hakuuacha ufufuo. Na Kristo mwenyewe, aliye Bwana wa vyote, husimama mlangoni akabisha, havunji mlango.

Fagal amelala mautini miaka mingi sasa, akingoja asubuhi ya ufufuo. Mlango wa jirani yako bado upo.

Maswali ya kujadili:

1. Tunapomsaidia jirani aliyefiwa, twawezaje kujua kama wema wetu ni upendo au ni chambo tu?

2. Jirani asipotaka kamwe kusikia habari za imani yetu, tunaendelea kumdai nini, na yeye anatudai nini?

3. Ni mzigo gani wa nyumbani ambao familia yako na ya jirani wa dini nyingine mnaubeba pamoja? Mnaweza kuanzia wapi juma hili?