August Wöhler: Mjerumani aliyefichua siri ya chuma kuchoka

Reli ya kutoka Nairobi ilipofika Thika kupitia Ruiru mwaka 1913, mtu aliyewafunza mafundi wa dunia kwa nini ekseli hukatika alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 90, akiishi Hannover, Ujerumani.

August Wöhler alizaliwa Juni 22, 1819, mjini Soltau. Baada ya masomo ya ufundi alifanya kazi katika kiwanda cha garimoshi cha Borsig, Berlin, na mwaka 1847 akakabidhiwa karakana za reli mjini Frankfurt an der Oder.

Nyakati hizo Ulaya ilikuwa na hofu. Mei 8, 1842, ekseli ya garimoshi ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na zaidi ya watu 50 wakaangamia. Ekseli zilikuwa zikikatika ghafla chini ya mizigo ambayo zilikuwa zimeizoea.

Wöhler alibuni mashine za kuzungusha vyuma huku vikipindwa, akahesabu mizunguko hadi vikatike. Baadhi vilizunguka mara mamilioni. Alithibitisha kuwa kinachokiua chuma si uzito wa mzigo peke yake, bali pia nguvu inayokipinda huku na huku bila kikomo. Aidha, alibaini kuwa nguvu hiyo ikiwa chini ya kiwango fulani, chuma chaweza kudumu, na kwamba ekseli inayobadilika unene kwa pembe kali hudhoofika hapo.

Waliomfuata walijenga juu ya msingi huo. Walitambua kuwa mara nyingi ufa huanzia usoni mwa chuma. Ndiposa katika miaka ya 1930 viwanda vya magari vya Marekani vikaanza kuzipiga springi kwa chembe ndogo za chuma zirushwazo kwa kasi. Mapigo hayo huubana uso, na ufa hukosa pa kufungukia. Kinyume chake, mkwaruzo, kutu na alama za kulehemu huufungulia ufa mlango.

Somo hilo lawahusu wakazi wa Thika, mji wenye kiwanda cha kuunganisha magari, na mafundi wa jua kali wa Ruiru. Katika safari ya kilomita 42 hivi kutoka Thika hadi Nairobi, gurudumu la matatu lenye mzingo wa mita mbili huzunguka takriban mara 21,000. Safari 50 hupita mizunguko milioni moja. Fundi anayelehemu ekseli iliyopasuka, au kuikwaruza kwa jiwe la kusagia na kuiacha hivyo, huenda akaiona imara asubuhi hiyo. Hesabu ya Wöhler huja baadaye, gari likiwa limejaa abiria.

Wöhler alistaafu mwaka 1889, akafariki Hannover Machi 21, 1914. Mchoro unaoonyesha umri wa chuma kwa idadi ya mizunguko ungali unaitwa kwa jina lake.