Augustus: Mfalme Aliyetoa Wanajeshi 600 Apewe Vyombo vya Kauri

Kuna wasee huchizi na ndai, wengine na raba. Augustus alichizi na sahani za Japani, na si ati kidogo.

Buda huyu alizaliwa 1670 huko Dresden, Ujerumani. 1694 akawa mtawala wa Saxony, na 1697 akachaguliwa mfalme wa Poland. Ndio akipate hicho kiti, aliacha Uprotestanti akawa Mkatoliki. Watu walimbandika jina Augustus Mwenye Nguvu, na stori ni kwamba alikuwa anavunja kiatu cha farasi kwa mikono mitupu. Lakini akiona bakuli ya kauri, nguvu zote kwisha.

Elewa kitu moja. Siku hizo hakuna Mzungu alijua kutengeneza kauri nyeupe na ngumu. Wachina walijua tangu kitambo, Wajapani wakaishika karne ya 17. Huko Arita, kwenye kisiwa cha Kyushu, mafundi walichora maua na ndege kwa mkono, rangi nyekundu, bluu na dhahabu. Meli za Waholanzi zikabeba mzigo mpaka Ulaya. Ukifika Saxony, bei imeshapaa. Ndio maana kauri iliitwa dhahabu nyeupe.

Augustus alinunua kama mtu amerogwa. Yeye mwenyewe alikiri hiyo tamaa ilikuwa kama ugonjwa. Doo zikimwagika hivyo, akataka siri yenyewe.

Hapo ndipo anaingia Johann Friedrich Böttger, kijana aliyedai anaweza kutengeneza dhahabu. Augustus alimshika, akamfungia afanye hiyo kazi. Dhahabu haikutoka. Lakini 1708, akisaidiana na msomi Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, Böttger alipata siri ya kauri. 1710 kiwanda cha Meissen kikaanza, na baadaye wachoraji wake wakakopi sana michoro ya Arita. Böttger mwenyewe hakufaidi. Alikufa 1719 akiwa na miaka 37, mwili umechoka.

Ungedhani kuwa na kiwanda chake kungemtuliza mfalme. Wapi! 1717 alinunua jumba zima Dresden, na baadaye likaitwa Jumba la Kijapani, la kuwekea vyombo. Mwaka huo huo akapiga dili na mfalme wa Prussia: akatoa wanajeshi 600 wa farasi, akapewa vipande 151 vya kauri ya China. Piga hesabu. Hiyo ni karibu wanaume wanne kwa kila chombo. Watu walikuwa na mama zao, wengine pengine na watoto, wakatolewa kama chenji.

Augustus alikufa Warsaw tarehe 1 Februari 1733. Mwili ulizikwa Krakow, lakini moyo wake ulirudishwa Dresden, mji ule ule wenye sahani zake.

Leo mkusanyiko huo uko kwenye jumba la Zwinger, Dresden, karibu vipande 20,000. Vyombo vingi vya Augustus viliandikwa namba chini, zinazolingana na rekodi za kitabuni. Mitungi mikubwa ya ile dili bado inaitwa mitungi ya wanajeshi. Watalii huisimamia wakipiga picha. Wale wanaume 600 wenyewe wamebaki kuwa bei tu.