Faraday: Mwana wa mhunzi aliyeiongoza sumaku hadi ubongoni

MNAMO mwaka wa 1841 Michael Faraday, akiwa na umri wa miaka 49, alisafiri na mkewe Sarah hadi Uswisi kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimekataa kazi. Alikuwa akishikwa na kizunguzungu, na mambo aliyoyafanya juma lililotangulia yalimtoka akilini. Wakati huo alikuwa tayari amegundua siri ambayo leo huwawezesha madaktari kuugusa ubongo wa mtu bila kulipasua fuvu.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 kusini mwa London. Babake alikuwa mhunzi ambaye maradhi yalimzuia kufanya kazi kila siku, na chakula nyumbani kilikuwa cha kuhesabiwa. Shuleni Michael alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Hesabu za juu hakuzijua hadi kufa kwake.

Alipotimiza miaka 14 akawa mwanagenzi wa George Riebau, muuza vitabu na fundi wa kuvijalidi. Vitabu alivyovijalidi alivisoma pia, na katika kimojawapo alikutana na makala kuhusu umeme. Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kumsikiliza mwanakemia mashuhuri Humphry Davy katika Royal Institution. Kijana aliandika yote aliyoyasikia, akayajalidi kama kitabu na kumpelekea Davy mwenyewe. Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Davy alipozuru Ulaya alimchukua, lakini mkewe Davy alimfanya Faraday kama mtumishi wa ndani.

Siku iliyobadili mambo ilikuwa tarehe 29 Agosti 1831. Faraday alichukua pete ya chuma, akazungusha waya upande mmoja na waya mwingine upande wa pili, pasipo nyaya hizo kugusana. Alipouunganisha waya wa kwanza na betri, sindano iliyopima umeme katika waya wa pili ilitikisika, kisha ikatulia. Betri iliendelea kufanya kazi, sindano haikusogea. Alipoikata betri, ikatikisika tena. Hapo ndipo penye kiini cha habari yote: sumaku iliyotulia haizai umeme katika waya uliotulia, ni mabadiliko ya nguvu yake ndiyo yauzaayo. Oktoba ya mwaka huo huo alipata umeme kwa kuingiza na kutoa sumaku ndani ya waya uliosokotwa. Mitambo mikubwa inayotuletea stima nyumbani hufuata kanuni hiyo hiyo.

Hakuishia kwenye nyaya. Mwaka wa 1838 alimchunguza samaki mrefu wa Amerika Kusini, mwenye umbo la mkunga, ambaye huua mawindo yake kwa umeme. Faraday alitia mikono majini na kupigwa na mshtuko. Kwa vipimo alionyesha kwamba umeme wa samaki yule haukuwa tofauti na ule wa betri.

Muda mfupi baadaye akaugua. Wapo wanaodhani ni sumu ya zebaki aliyoitumia maabarani, lakini jambo hilo halijathibitishwa. Alirejea kazini, na mwaka wa 1845 akaonyesha kwamba sumaku huathiri mwanga. Hata hivyo, kumbukumbu haikumrudia sawasawa. Daftari lake la maabara, ambalo aya zake alizipa nambari zikapita 16,000, lilimkumbusha yale ambayo kichwa hakikuyahifadhi. Alikataa urais wa Royal Society, na alifariki tarehe 25 Agosti 1867 katika nyumba aliyopewa na Malkia Victoria huko Hampton Court.

Waliomfuata waligeuza waya kuelekea kichwani. Jijini Paris, mwaka wa 1896, Arsène d'Arsonval aliripoti kwamba mtu aliyeingiza kichwa ndani ya koili kubwa aliona vimulimuli. Mwaka wa 1910 Silvanus Thompson, ambaye kwa sadfa njema alikuwa ameandika maisha ya Faraday, aliona vivyo hivyo. Ilikuwa hadi 1985 ambapo Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walipoweka koili juu ya kichwa cha mtu na kuufanya mkono wake ushtuke bila mwenyewe kutaka. Koili hutoa nguvu ya sumaku kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde. Nguvu hiyo hupenya mfupa, nao mkondo mdogo wa umeme huzuka ndani ya ubongo na kuziamsha seli za neva.

Kwa panya wa maabara kazi ni ngumu zaidi: koili ya binadamu huufunika ubongo wote wa mnyama, kwa hivyo watafiti wamelazimika kutengeneza koili ndogo, ambazo nazo hupata moto upesi.

Mwaka wa 2008 Marekani iliidhinisha tiba hii kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwafaa. Si wote wanaopona, na mara chache mgonjwa hupatwa na kifafa akiwa chini ya koili. Kuhusu kupotewa na kumbukumbu, maradhi yaliyomsumbua Faraday mwenyewe, majaribio yangali yakiendelea.